Aliyesiriba Ukumbi wa Mtongolele

Watu wakiitaja shule ya Mtongolele humtaja mume wangu. Husema, shule ya Mwalimu Cyril. Mimi huwaacha waseme, maana mume ni wangu na sifa zake hunifikia nami kidogo. Lakini nilikuwapo tangu shule ile ikiwa banda la nyasi, na ninajua ni nani aliyekuwa akipiga magoti kila jengo lilipoinuka, mikono ikiwa matope mpaka viwikoni. Alikuwa Dominika, Mama Yuliana, mtani wangu, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wangu. Na ulimi wangu unajulikana Masasi nzima.

Tuliondoka Masasi mara tu baada ya vita ya Hitla. Cyril alikuwa mwalimu wa misheni kule, akaombwa aje kuanzisha shule huku juu kwa Wamakonde, baina ya Newala na Mkunya. Mimi, Ethel, niliyezaliwa chini ya vilima vya mawe na kubatizwa kabla sijaota jino, nikapandishwa lori na mtoto wetu Cecil mapajani. "Kule kuna hewa nzuri," aliniambia Cyril njia nzima. Hewa ilikuwa nzuri kweli, sikatai. Maji ndiyo hayakuwapo. Wanawake walishuka bondeni alfajiri na mitungi yao, wakarudi juu jua likiwa limekwisha kuwa kali, na hayo ndiyo yalikuwa maji ya kunywa, ya kupikia na ya kumwogesha mtoto. Juma la kwanza nililia. Nilikaa kizingitini mwa nyumba ya mwalimu nikalia mchana kweupe, bila kujali nani anapita.

Aliyepita alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye nembo za Kimakonde kwenye mashavu na mtungi kichwani. Alisimama akanitazama vizuri, kama mtu anayetazama muhogo sokoni.

"Mama mwalimu," akasema, "kinga hayo machozi. Huku maji ni ghali."

Nikamwuliza wao Wamakonde walikuwa na akili gani kukimbilia mlimani wakayasahau maji bondeni. Akacheka mpaka maji ya mtungi yakamwagikia shingoni. Akaniuliza kabila langu, nikamwambia mama yangu ni Myao. "Basi wewe ni mtani wangu," akasema, "na nitakutukana mpaka mmoja wetu afe." Akautua mtungi ule mlangoni kwangu, akaenda zake mikono mitupu. Siku ile ndiyo niliyoacha kulia, nami nikaanza kumpenda.

Dominika alikuwa mjane. Mume wake alikwenda kukata mkonge upande wa Lindi wakati Yuliana akitambaa, na kilichorudi ni habari tu, kwamba homa ilimchukua. Hakuondoka kwenda kokote, kwa sababu huku mwanamke hukaa kwao, na mtoto ni wa upande wa mama. Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi kaka yake mkubwa, Selestini. Huyo ndiye alikuwa mjomba wa Yuliana, na katika ukoo wao neno la mjomba ndilo neno. Baba angekuwa hai angeshauriwa tu. Selestini alikuwa mtu mzito, mwenye sauti ya chini, hodari wa shamba, anayeheshimiwa sana na wanaume katika mambo ya jando. Miaka ya njaa alimlisha dada yake na mpwa wake kabla hajala yeye. Nayasema haya mapema ili mtu asimchukie nitakapofika mbele.

Kazi iliyompa Dominika jina ilikuwa kusiriba. Nyumba ikishasimamishwa miti, ikafungwa fito, ikakandikwa, aliitwa yeye kuja kulainisha kuta na sakafu. Alichagua udongo kwa kuuonja. Nilimwona kwa macho yangu akiutia ulimini, akautema, akasema huu una mchanga, tafuta mwingine. Akimaliza ukuta aliburuza vidole vyake kutoka juu kuja chini, vikaacha mistari iliyopinda, na ukiiona mistari ile ulijua nani alipita hapo. Nilijaribu mara moja kuiga jikoni kwangu. Aliangalia, akaniuliza kama kuku walipigana pale.

Shule ya kwanza haikuhitaji mkono wake, kwa sababu haikuwa na kuta. Ilikuwa nguzo na nyasi. Upepo ukivuma Cyril alisomesha huku ameshika ubao kwa mkono mmoja, na mvua ikinyesha alisomesha wale waliokaa katikati. Baada ya miaka miwili wazazi wakakubali kujenga jengo la miti na udongo, vyumba viwili, na hapo Dominika akaingia kazini na wenzake. Kila mwanafunzi alikuja asubuhi na kibuyu cha maji kwa ajili ya udongo. Yuliana, ambaye umri wa kusoma ulikuwa bado, alikaa mlangoni akimngoja mama yake, na alipokuwa akingoja alishika herufi zote zilizokuwa ubaoni. Cyril alipogundua alimwingiza darasa la kwanza hapohapo, na madaftari tukatoa sisi.

Mtoto yule alikuwa na kichwa. Sisemi hivyo kwa sababu nampenda. Alisoma mpaka darasa la nne, akaimaliza shule, yaani akaimaliza yote iliyokuwapo, kwa sababu juu ya darasa la nne wavulana walikwenda shule za kati na wasichana wa huku walikwenda nyumbani. Kulikuwa na bweni la wasichana mbali, kwa masista, lakini Selestini alikataa. "Nina mpwa mmoja," alisema. "Simpeleki mahali nisipoweza kufika kwa miguu nikisikia anaumwa." Mwaka mzima Yuliana akakaa akipukuchua mahindi, huku akisoma vipande vya magazeti ya Kiswahili vilivyofungiwa chumvi. Watu wakaanza kuulizia habari za posa.

Ndipo ikaja habari kwamba Mtongolele itakuwa shule ya kati. Jengo la matofali ya kuchoma! Mabati! Mabati yenyewe yalitoka Nachingwea, ambako serikali ilikuwa imejaribu kulima karanga kwa matrekta. Karanga zikakataa, mabati yakabaki, nasi tukafaidi. Bibi Afisa Elimu, Mzungu aliyekuja na gari kutoka Mtwara, akamwambia Cyril kwamba anaweza kuruhusu hata darasa la tano la wasichana, wakitokea nyumbani na kurudi nyumbani kila siku. Chumba chao kitajengwa baadaye. Kwa sasa watasomea kwenye ukumbi. Lakini siku ya kufungua aone mabenchi yamejaa. Yasipojaa, darasa hilo atalipeleka wilaya nyingine wanakolitaka.

Nilimweleza Dominika habari hii akiwa anasiriba jiko langu, akirekebisha pale kuku walipopigana. Aliacha mkono ukutani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasimama, akafuta mikono kwenye kanga yangu iliyokuwa juu ya kamba, kanga safi, niliyoifua kwa maji ya bondeni, akatoka mbio kwenda kumwambia Yuliana. Sikumgombeza, nami si mtu wa kuacha kugombeza.

Sasa nije kwenye neno moja lililotaka kutuharibia yote.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Bwana Husseni, mtu wa Bagamoyo. Alikuwa mtu mwema, nadhifu, mwenye kanzu isiyoshika vumbi hata kwenye tanuri la matofali, na Kiswahili chake kilitiririka kama mtu anayesoma utenzi. Liliitishwa baraza ili awaeleze wazazi ramani. Wote walikuja, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Bwana Husseni akanyoosha fimbo yake juu ya kiwanja.

"Hapa patakuwa madarasa," akasema. "Na hapa mbele, mahali pa heshima, tutajenga ukumbi. Ukumbi mkubwa! Kila asubuhi wavulana na wasichana wataingia ukumbini pamoja."

Baraza zima likanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nikaona bibi mmoja akijiziba mdomo kwa nguo.

Kwa Wamakonde, likumbi ni lile banda la porini la jando. Wavulana huwekwa humo, wakafundishwa mambo ya wanaume, na mambo yakiisha banda huteketezwa kwa moto, na vijana huondoka bila kutazama nyuma. Mwanamke hasogei huko. Haulizi hata kuna nini. Akiingia, kwa imani ya watu, uzazi wake hufungwa. Hata sisi wa misheni kule Masasi, ambao jando letu lilikuwa na padri na sala, wanawake hatukuwahi kulikaribia. Na huyu bwana wa pwani, mbele ya wakwe na wajukuu, alikuwa amesimama akitangaza likumbi la matofali katikati ya kijiji, wavulana na wasichana pamoja, kila asubuhi.

Bwana Husseni aliona kimya kile akafikiri wamezidiwa na furaha. Akapaza sauti. "Na ninyi wazazi, kina mama pia, siku za sherehe mtakaribishwa ukumbini!"

Selestini aliinuka, akakung'uta vumbi la nguo yake, akaondoka. Wanaume wakamfuata.

Cyril alihangaika sana kusahihisha. Alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza kwamba ukumbi ni chumba kikubwa tu. Wazee wakamsikiliza kwa adabu. "Ndiyo, mwalimu," walisema, "na likumbi nalo lina nafasi." Akajaribu kuacha neno lile kabisa akasema itakuwa hol. Wakamwuliza hol ni kitu gani. Mwalimu mwenzake, aliyetaka kumsaidia, akadakia: "Hol maana yake ni ukumbi." Cyril alirudi nyumbani hakula.

Hata hivyo jengo likapanda, kwa kuwa wanaume hawakuona ubaya wa kujenga likumbi; waliona ubaya wa watakaoingizwa humo. Kuta zikafika juu, mabati yakawekwa, yakang'aa mpaka ukiwa njia ya Mkunya uliyaona. Vyumba vya madarasa vikapata saruji. Saruji ikaishia mlangoni mwa ukumbi. Bwana Husseni akasema si kitu, watatia udongo wa kichuguu, waushindilie, wanawake waje wasiribe, saruji itakuja mwaka mwingine. Wanaume wakaleta udongo wakaumwaga ndani. Wanawake hakuja hata mmoja. Akawaomba wanaume wasiribe wao, wakamtazama kama aliyewaomba wanyonyeshe. Siku ya kufungua ikawa inakaribia, na Bwana Husseni kila nikimwona ameshika tama barazani, udongo ndani ya ukumbi ukiwa vilima vilima.

Mabenchi ya wasichana nayo yalikuwa tayari, na hakuna mzazi aliyeandikisha binti.

Dominika akaenda kwa kaka yake. Alinichukua niende naye, ati nikakae tu nisiseme, jambo ambalo ni kuniomba nisipumue. Tulimkuta Selestini akitengeneza mpini wa jembe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Shikamoo yako najua inakokwenda," akasema. "Jibu ni hapana. Mpwa wangu hakanyagi mle."

"Kaka, ni chumba cha kusomea."

"Waliokipa jina ni wenyewe waliokijenga, si mimi." Akaweka mpini chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Dominika, mama yetu alizaa wangapi wa kike? Wewe. Wewe umezaa wangapi? Yuliana. Ukoo wetu wote umebaki katika tumbo la mtoto yule. Uzazi wake ukifungwa, siku nikifa mimi nani atatutaja? Watoto wangu ni wa ukoo wa mama yao. Unaniomba nicheze na kitu ambacho sina cha pili."

Tulipokuwa tukirudi nilijaribu mzaha, Dominika hakuuitikia. Usiku wake Yuliana alikuja kwangu kurudisha kitabu alichoazima. Alikiweka mezani, akakinyoosha ncha zilizokunjika. "Asante, Mama Cecil," akasema, "sasa sitakihitaji." Nilitamani kumkamata Bwana Husseni na Kiswahili chake chote nikamtumbukize kwenye tanuri.

Siku mbili tatu Dominika hakuonekana. Alipokuja alisimama mlangoni pangu na mtungi mtupu.

"Mama Cecil, mimi nimekwisha kukata hedhi," akasema. "Likumbi likitaka kunifunga, litafunga nyumba isiyo na mtu. Nakwenda kusiriba."

"Peke yako?"

"Maji utanisaidia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako utajua bondeni ni wapi."

Alinisingizia, nilikuwa nimeshuka bondeni mara nyingi, ila kila mara nikilalamika. Tukashuka, tukapanda, tukashuka tena, na nililalamika kwa haki, maana nilikuwa na mimba ya miezi kadhaa. Watu walituona tukipita na mitungi kuelekea shuleni wakajua, kwa sababu huku hakuna anayebeba maji ya bondeni kwa mchezo. Tulipofika kwenye ukumbi nikainua mguu niingie naye. Dominika akanizuia kwa mkono.

"Wewe kaa nje, na tumbo hilo. Tusiwape watu maneno. Nipitishie maji dirishani."

Nikasema mimi ni Mwanglikana, mambo hayo hayanihusu. Lakini nilibaki nje. Na kusema kweli nilimshukuru kimoyomoyo, pamoja na ubatizo wangu wote.

Akapiga moyo konde, akaingia. Nilimwona kupitia dirisha akisimama katikati ya chumba kile kikubwa, akitazama mabati juu, mdogo kuliko nilivyozoea kumwona. Kisha akafunga kanga kiunoni, akashika kipande cha ubao, akaanza kushindilia udongo. Aliimba ule wimbo wa wanawake wa kupigia sakafu, ambao unaanzishwa na mmoja na kuitikiwa na wengi. Alianzisha, hakuna aliyeitikia, akaitikia mwenyewe. Alifanya hivyo tangu asubuhi. Nikashindwa, nikaitikia kutoka dirishani, na sauti yangu si nzuri.

Watu wakajikusanya mbali, kwenye ukingo wa mashamba ya mihogo. Hakuna aliyesogea. Jua lilipofika utosini sakafu ilikuwa imelala sawa, naye amepiga magoti anasiriba, akianzia ukuta wa ndani akirudi nyuma kuelekea mlangoni, kama ilivyo desturi. Ndipo watu wakaanza kupisha njia. Selestini alikuwa anakuja.

Mtu alikuwa amemfuata shambani, maana alikuja na panga mkononi, matope ya jembe miguuni, anatembea kwa haraka ambayo mtu mzito kama yeye haizoei. Nikasema, "Mama Yuliana, kaka yako!" Hakugeuka. Aliendelea kuburuza kiganja chake sakafuni, polepole, mgongo umeelekea mlangoni.

Selestini akafika mlangoni. Akanyanyua mguu, akaushusha papo hapo nje. Mbele yake sakafu ilikuwa mbichi inang'aa, na dada yake ameinama, kanga imepandishwa magotini, na kaka hamwendei dada yake ghafla hivyo. Nilimwona anahangaika na mdomo wake. Akakohoa.

"Hodi," akasema.

"Karibu, kaka," alijibu Dominika. "Lakini usikanyage, bado haijakauka."

"Nimekuja kukwambia utoke humo!"

Mkono wa Dominika ukasimama. Akageuka, akakaa juu ya visigino vyake, akamtazama.

"Kabla ya hapo ulisema nini?"

Selestini akahamishia panga mkono wa pili.

"Kaka, mambo ya kule porini mimi siyajui, wala siyaulizi. Nataka jambo moja tu, na ukiona mwanamke hafai kuambiwa, usiniambie." Alizungumza kwa upole kabisa. "Kule kuna mtu anayepiga hodi?"

Wanaume waliokuwa kwenye mihogo walikuwa wamesogea wasikie, na mzee mmoja alicheka kabla hajajizuia. Wa pili akacheka. Wanaume wale waliokuwa wote wamepita jandoni, wakijua vizuri kwamba huko hakuna mlango, wala hodi, wala karibu, wala mwanamke wa kuitikia, wakaanza kushikana mabega. Selestini alitazama kizingiti, akalitazama panga lake, akaitazama miguu yake iliyogoma kuingia.

"Nangu nimezoea tu," akasema. Nangu ni mimi kwa Kimakonde, na Kiswahili kilimkimbia kila alipobanwa.

"Umezoea nyumba," alisema Dominika. "Mdomo wako umeijua hii ni nini kabla yako."

Sitasahau uso wa mtu yule. Alikuwa hapendi kushindwa, na alikuwa ameshindwa na ulimi wake mwenyewe mbele ya kijiji. Kisha akalisimamisha panga ukutani, nje, akauliza maji yametoka wapi. Dominika akamwambia bondeni. Nani kayabeba? Mimi na Mama Cecil. Selestini akanitazama tumbo, akawageukia wanawake kule mbali, akawakaripia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Mnatazama nini? Udongo unamkaukia mwenzenu!"

Walikuja. Wa kwanza alisimama mlangoni akasema hodi huku akijichekea, Dominika akasema karibu. Wa pili akapiga hodi, na wa tatu, kila mmoja kwa sauti kubwa kuliko aliyetangulia, mpaka likawa vicheko vitupu. Bwana Husseni alitoka kwenye kivuli kuja kuona kuna nini. Akaniambia hajapata kuona watu wenye adabu ya nyumba kama Wamakonde. Nikamwacha hivyo hivyo. Wimbo sasa ulikuwa na waitikiaji, nami nikanyamaza kwa faida ya wote. Jioni ilipoingia sakafu ilikuwa imekwisha, na kwenye kuta, palipopakwa udongo chini kidogo ya madirisha, ilizunguka mistari ya vidole vya Dominika.

Wazazi wakaandikisha mabinti. Juu ya Yuliana Selestini hakusema neno, si la ndiyo wala la hapana, na Dominika, aliyemshinda mbele ya watu, hakutaka kumshinda mara ya pili. Alisema ukimsukuma mtu mzito huanguka upande usioutaka. Akangoja. Sijapata kumwona mtu akingoja kwa taabu vile.

Siku ya kufungua gari la Bibi Afisa Elimu lilikuja mapema. Wasichana waliingia wakayajaza mabenchi isipokuwa nafasi moja, nywele zimesukwa, mafuta yanang'aa. Nikawaangalia mmoja mmoja. Yuliana hakuwamo. Nikatoka barazani, nikamkuta Dominika ameshika nguzo, macho njiani. Aliniambia mjomba alimchukua mtoto kabla ya jua kutoka, hakusema wanakwenda wapi. Nikamshika mkono.

Kengele ilikwisha kulia walipotokea. Selestini alitangulia, amevaa shati lake jeupe la Jumapili. Yuliana alimfuata nyuma, na kwenye paji la uso wake, chini ya nywele, palikuwa na alama ya unga. Mjomba alikuwa amempeleka kwanza kwenye mti wa kutambikia wa ukoo wao. Alimwaga unga pale, akawaita wazee waliokufa kwa majina, na mama yao, akawaeleza kwamba mtoto wao anaingia kwenye nyumba ile, kwamba ni nyumba, yeye mwenyewe amepiga hodi na dada yake akaitikia, wasije wakasikia jina la nyumba hiyo wakashtuka. Mambo hayo huchukua muda. Aliyaeleza kwa Cyril kama mzazi anayeomba radhi ya kuchelewa, na Cyril, mtoto wa misheni kama mimi, aliinamisha kichwa akasema wamefanya vizuri.

Yuliana akaingia. Selestini hakuondoka. Alikaa barazani, mgongo kwenye ukuta wa matofali, karibu na dada yake, na wakakaa hivyo asubuhi yote, wakisikiliza sauti za watoto wakihesabu ndani. Niliwaletea uji, wakanywa kikombe kimoja kwa zamu. Dominika alikuwa akitokwa machozi bila kuyafuta.

Walipotoka darasani Yuliana alikuja moja kwa moja kwa mjomba wake, akapiga goti.

"Mle ndani kuna nini?" Selestini akamwuliza.

Yuliana akafikiri, kama ilivyokuwa kawaida yake kabla ya kujibu swali.

"Kuna ubao, mjomba. Kuna mabenchi. Kuna sakafu ya mama."

Selestini akaitikia kwa kichwa, akasimama, akajikung'uta vumbi la matofali mgongoni.

"Basi kesho tuwahi," akasema.